Mche wa Mnazi Uani kwa Dada

Siku mkubwa wa kikoa alipokuja kwetu mara ya kwanza, nilisimama mlangoni nikingoja aniamkie shikamoo. Msinicheke. Enzi hizo za Mdachi shikamoo haikuwa ya umri kama ilivyo sasa. Ilikuwa ya mtumwa kwa bwana wake, na yule mwanamke alikuwa mtumwa wa baba yangu kabla baba hajamwacha huru. Mimi nikiwa mtoto wa kutambaa, yeye mtu mzima aliniamkia hivyo kila asubuhi, nami nilifundishwa kuitikia marahaba kabla sijajua maana yake. Sasa alisimama uani, leso kaifunga vizuri, akaniangalia usoni, akasema, "Hujambo, mwanangu?"

Nikajua ana jambo.

"Sijambo," nikasema. "Umekuja kutaka nini?"

"Kumtazama dada yako. Tumesikia hapati usingizi."

"Nani na nani hao waliosikia?"

"Sisi wa kikoa."

Kwa watu wengine kikoa ni kula kwa zamu tu: leo mnapikiwa kwangu, kesho kwako, hata mzunguko uishe. Wanawake hawa walikuwa wamekigeuza kitu kingine. Wengi wao walikuwa wametoka utumwani, wengine wajane wasio na ndugu kisiwani, na walikuwa wamejenga nyumba ya udongo mwisho wa kijiji chetu, kule ambako njia ya Kirongwe inaachana na njia ya kushukia mikokoni. Humo waliwaweka watu waliokataliwa na kwao: kizee aliyesahauliwa na wanawe, mzee mmoja aliyekuwa akigombana na kivuli chake, mwanamke kijana aliyekuwa akicheka peke yake kutwa. Kila nyumba ya kikoa ilikuwa na siku yake ya kuwapikia na kushinda nao.

Watu waliwasifu. Mimi sikuwasifu. Nilijiuliza: mtu aliyelala njaa jana, leo anampa nani chakula, na kwa nini? Tajiri akitoa, anatafuta sifa, na hilo tunalielewa. Maskini akitoa, basi kuna kitu anakifuata, nami nilitaka kukijua. Halafu kulikuwa na hilo la baba. Mtu ambaye baba yako alimmiliki, leo anamtaka mwanawe mgonjwa. Ungekuwa wewe ungemwamini?

Dada yangu alikuwa amezika watoto wake wote wakiwa wachanga. Alipomzika wa mwisho akaacha kulala. Alikuwa akitoka alfajiri na kukaa katikati ya njia ya kisimani, watu wanampita na mitungi yao, yeye anajipiga kifua polepole kwa ngumi, kutwa nzima, mpaka ngozi ikawa nyeusi. Hakumtukana mtu wala kumrushia mtu jiwe. Mumewe alivumilia kidogo, kisha akampa talaka yake na kumrudisha kwetu na sanduku lake la nguo. Tukamnywesha kombe la aya zilizooshwa sahanini, tukamfukiza ubani na mavumba, tukampigia ngoma, shetani akasema anataka kuku mwekundu, tukamchinjia kuku mwekundu. Shetani akashiba, dada yangu akabaki vilevile.

Wazee wetu walikuwa wamekwisha kufa. Kadhi alipogawa urithi, kaka yetu alipata shamba la minazi, dada akapata nyumba ya kale na uwanja wake, mimi nikapata mikanju, yaani mikorosho, iliyoko mbali. Nilikuwa nimeachika pia, sina mtoto, basi nikakaa na dada katika ile nyumba ili nimtunze. Kaka yeye aliishi shambani na mkewe, akija Ijumaa baada ya sala, anatutazama, anatikisa kichwa, anakwenda zake.

Mkubwa wa kikoa alirudi tena, na tena. Nilimwambia dada yangu si wa kuwekwa pamoja na watu waliookotwa. Hakukasirika, na mtu asiyekasirika ukimtukana mimi humwogopa. Alikaa chini kizingitini karibu na dada, wakatazama mbele wote wawili. Siku moja aliponyanyuka kwenda zake, dada naye akanyanyuka. Akashika pindo la leso yake kwa nyuma akamfuata. Niliita, hakugeuka; tangu siku hiyo akawa analala kwao. Mwezi mzima nilikuwa nimemwomba anifuate hata kisimani akanawe uso, asinifuate. Niliona wivu, na wivu huo nikauita wasiwasi.

Nilimpelekea kaka habari. Akasema, "Waache wamchukue, na wewe upumzike." Alisema upesi mno. Lakini macho yangu yote yalikuwa kwa wale wanawake, kwake sikuangalia.

Nikaanza kuwapeleleza. Karibu na nyumba yao kulikuwa na mikanju iliyosongana, na mtu akichuchumaa nyuma yake huona uwanja wote. Nilichokiona kilinitia moto. Walikuwa wamechimbua makumbi ya nazi yaliyokuwa yamefukiwa matopeni pwani, yananuka uvundo wa kuziba pua, wamekaa duara kila mmoja na gongo lake, wanayapiga ili watoe nyuzi za kusokotea kamba. Na katikati yao dada yangu, binti wa mwenye shamba, gongo mkononi, matope mpaka viwikoni, anapiga makumbi kama mjakazi!

Nikatoka mafichoni mbio. "Ala! Ndiyo mliyomwitia haya? Mmempata mgonjwa wa kuwatumikia bure! Baba yangu aliwatumikisha nyinyi, sasa mnalipiza kwa mwanawe!"

Magongo yakanyamaza, isipokuwa la dada. Yeye aliendelea kupiga kana kwamba mimi ni kuku aliyepita.

Mkubwa wa kikoa akafuta mikono. "Kwenu alikuwa akipiga nini?" akaniuliza.

"Nini?"

"Kutwa, pale njiani. Alikuwa akipiga nini?"

Nikaitazama ngumi ya dada iliyoshika gongo.

"Ngumi ina haja ya kupiga," akasema. "Sisi tumeisogeza tu. Akichoka anakula, akishakula analala. Kaa umtazame, hatukufukuzi. Usijifiche nyuma ya mikanju, kuna siafu."

Wale wanawake wakacheka, na mimi nikaondoka na hasira maradufu, kwa sababu kweli siafu walikuwa wameniuma.

Dada alikuwa akilala. Hilo sikuweza kulikana. Ile ngozi ya kifuani ikaanza kurudi rangi yake. Siku nyingine alisema maneno mawili matatu yenye kichwa na miguu, siku nyingine alikaa kimya kama gogo. Lakini mtu mwenye shaka hakosi chakula cha kuilisha shaka yake. Akilala, nilisema wamemnywesha kitu. Nilikwenda jikoni kwao nikafunua vyungu, nikanusa. Mchicha, mihogo, samaki mkavu. Nikauliza kamba zinakwenda wapi. Wakaniambia zinanunuliwa na wenye vyombo vya bahari huko Chole, na kinachopatikana kinaleta mchele na nguo za wagonjwa. Nikasema moyoni, haya, tuseme hivyo.

Wala sikuwa peke yangu. Wakati ule vita vya bara vilikuwa vimetoka kuzimwa, na serikali ilitilia shaka mkusanyiko wowote usio wa harusi wala wa matanga. Askari wa akida walikuja wakazunguka nyumba ile, wakaingiza vichwa ndani, wakauliza hawa watu wanakula kiapo gani. Yule mzee wa kivuli akawakimbiza na fagio. Kijiji kilicheka, lakini wengine wakaanza kusema pembeni kwamba pasipo moto hapafuki moshi. Mimi nilikuwa mmoja wa waliosema, tena kwa sauti.

Masika yalipoanza, dada alipata mtindo wa kuja nyumbani asubuhi na wanawake wa kikoa, akazungukazunguka uwanja, kisha wakarudi wote. Sikupenda kuja kwao kwa pamoja. Asubuhi moja nikarudi kutoka kisimani nikawakuta uani, wamesimama duara na vichwa vimeinama kana kwamba wanazika. Nikaweka mtungi chini nikapenya katikati. Palikuwa na shimo lililokwisha kufukiwa, na katikati yake umesimama mche wa mnazi, majani yake mawili mabichi, udongo umeshindiliwa kwa miguu.

Mtu wa bara pengine ataona mche ni mche tu. Kwetu, mtu akikuomba ardhi alime mihogo, mpe, mwaka ukiisha ataing'oa na ardhi itabaki yako. Akija na mche wa mnazi, mfukuze. Mnazi humzika aliyeupanda, na siku ya ugomvi mti husimama kama shahidi: aliyepanda ana haki hapa, na watoto wake, na wajukuu wake. Watu wamepoteza viwanja vya babu zao kwa ukarimu wa mti mmoja. Sasa nimewakuta wajakazi wa baba yangu wamepanda mnazi uani kwetu, nami nimekwenda kuteka maji!

"Ndiyo hii!" nikapiga kelele. "Ndiyo hii mliyokuwa mkiifuata siku zote!" Nikaushika mche kwa mikono miwili, nikavuta. Mizizi ikaanza kuachia. Mkubwa wa kikoa akanishika mkono, nami nikamsukuma, akaanguka matopeni. Wenzake wakanivuta nyuma. Dada alikuwa amesimama pembeni na jembe mkononi, ananitazama mimi.

Sikumwuliza jembe ni la nini. Nilikwenda shambani kwa kaka moja kwa moja, na njia nzima nilikuwa na furaha, nasema kweli, ile furaha chafu ya mtu aliyeshuku akakuta kweli.

Kaka naye alifurahi. Siku hiyohiyo akaenda kushtaki kwa jumbe, na jumbe akatuita sote barazani kwake. Wanawake wa kikoa wakaja na dada katikati yao, mkubwa wao akiwa bado na tope kwenye leso.

Kaka akasema kwa ufasaha. Dada yake ni mwendawazimu, kila mtu anajua. Wanawake hawa wamemchukua, wamemtumikisha, na sasa wamepanda mti kwenye uwanja wake ili waule. Yeye kama ndugu wa kiume anaomba asimamie mali ya dada yake, na dada apelekwe kwa fundi kisiwa cha Bwejuu akatibiwe.

Niliposikia Bwejuu nikageuka. Hilo hakuwa ameniambia. Fundi yule wa Bwejuu sote tulimjua kwa sifa yake: alikuwa na gogo lenye matundu, mgonjwa hutiwa miguu humo na kupigiliwa, na wengi waliovushwa kwenda kwake hawakuvushwa kurudi.

"Na nyumba?" jumbe akauliza.

"Nyumba itasimamiwa."

"Na nani?"

Mkubwa wa kikoa ndiye aliyejibu. "Mwenye ngalawa atakayemvusha ni mume wa mwenzetu. Ameshaagizwa. Na Mhindi anayenunua mbata, nazi kavu, ameshakuja kupima uwanja, anataka kujenga ghala. Mwulize, jumbe, kama nasema uongo."

Kaka hakuulizwa. Uso wake ulikuwa umeshasema.

Nikamgeukia yule mwanamke kwa hasira, maana hasira ilikuwa ndicho kitu cha pekee nilichobaki nacho. "Ulijua haya yote usiniambie? Mnakuja kupanda mti uani kwetu kwa siri kama wezi, na mimi niko palepale!"

"Uani kwenu?" akasema. Hakupandisha sauti. "Wewe unalala nyumba ya nani, mwanangu? Dada yako akenda Bwejuu, nani anabaki ndani? Kaka yako anataka nyumba, hilo tumelijua. Wewe hatukujua uko upande gani. Kikulacho ki nguoni mwako. Tukanyamaza."

Baraza zima likanitazama. Nilifungua kinywa niseme kwamba mimi nilikaa pale kumtunza dada yangu, na ni kweli, Mungu shahidi, lakini maneno yale hata masikioni mwangu yalikuwa yakisikika kama ya kaka.

Jumbe akamwita dada mbele. Hapo ndipo palipokuwa na hatima ya mambo yote. Kama angenyamaza, au angecheka, au angeanza kujipiga kifua, ingekuwa basi. Angeondoka na ngalawa kabla ya Ijumaa.

"Mama," jumbe akasema kwa upole, "ule mche kaupanda nani?"

Dada akatazama mikono yake. Akakaa kimya mpaka watu wakaanza kukohoa. Kaka akafungua mikono kwa jumbe, kama mtu anayesema, si mnaona?

"Mimi," dada akasema.

"Nani alichimba shimo?"

"Mimi. Nimechimba na jembe. Nimesema bismillahi. Nimeutia chumvi chini ili usiliwe na mdudu. Upande wa kisima, kwa kuwa wanangu wamezikwa upande ule." Akawanyooshea kidole wanawake wa kikoa. "Wao walitazama tu. Nani kakwambia mtu huchimbiwa mnazi wake?"

Hata jumbe aliinamisha kichwa. Ndipo nilipoelewa kile kilichokuwa kikifanywa uani kwangu, yaani uani kwake. Hawakupanda kudai. Walikuwa wamemleta asubuhi baada ya asubuhi mpaka akaweza kuchagua mahali na kushika jembe, kisha wakasimama kuwa mashahidi, ili siku ya kuambiwa hana akili uwepo mti alioupanda kwa mkono wake, kwenye ardhi yake, mbele ya macho ya watu. Mizungu ya kwetu yenyewe, siri za mti na ardhi, waliijua kuliko sisi tuliozaliwa nayo.

Jumbe akaamua. Mche ni wa dada na uwanja ni wa dada, hauuzwi wala hauwekwi rehani, na Bwejuu haendi mtu. Sitaki kumsifu mno. Yeye mwenyewe alikuwa akinunua mbata, na sidhani kama alipenda ghala la Mhindi karibu yake. Lakini aliamua hivyo, na kaka akaondoka bila kuaga.

"Sasa huyu atakaa na nani nyumbani?" jumbe akauliza. Nikasogea mbele. Dada akarudi nyuma, akasimama mgongoni kwa mkubwa wa kikoa.

"Asije huyu," akasema. "Ataung'oa."

Nililia pale barazani, mbele ya watu, nami si mtu wa kulia. Nikaapa kwamba siugusi. Wanawake wa kikoa wakarudi naye nyumbani kwake, wakapangana zamu za kushinda na kulala huko, nami nikakusanya vitu vyangu katika furushi. Kwa kaka nisingekwenda tena hata kwa kuburutwa. Mikanju yangu haikuwa na hata kibanda.

Nikasimama kwenye njia panda na furushi kichwani mpaka mkubwa wa kikoa akanikuta. Nilidhani atafurahi. Nilimtazama vizuri nione kama anafurahi.

"Kile chumba alimokuwa akilala dada yako ni kitupu," akasema.

"Nitalala na yule anayegombana na kivuli?"

"Yeye chumba chake kingine. Lakini kelele utazisikia."

Hivyo nikaingia nyumba ya waliokataliwa na kwao. Sikupewa maneno matamu. Niliomba niingie katika kikoa, wakasema watanitazama kwanza. Wakanipa kazi ya kuchimbua makumbi matopeni, kazi ambayo hakuna aliyeipenda, na najua walikuwa wakikonyezana, nami niliyachimbua. Nikaanza kusikia usingizi wa mtu aliyechoka. Dada nilimwona kwa mbali. Akiniona anasimama kati yangu na mche.

Nilipopewa zamu yangu ya kwanza ya kupika, mkubwa wa kikoa alisema nikipeleke chakula mwenyewe kwa dada. Nilipika wali kwa tui zito na samaki wa kukaanga, nikabeba kwenye sinia, nikaliweka mbele yake kizingitini. Wanawake wawili wa zamu wakasogea pembeni.

Dada hakunyoosha mkono. Akainama, akanusa wali. Nikakumbuka dawa za waganga, zile chungu zilizomfanya atapike, tulizokuwa tukimtilia kwenye uji bila kumwambia. Kila nyumba yenye mgonjwa ilifanya hivyo. Aliyekuwa akikoroga ule uji ni mimi.

Akalisukuma sinia mpaka likagusa magoti yangu.

"Kula wewe kwanza," akasema.

Nikanawa, nikala. Nilikula huku na huku, katikati na pembeni, kila mahali alipokielekeza kidole chake, na machozi yananidondokea mkononi. Aliponiona nimemeza tonge la mwisho aliloniamuru, akaendelea kunitazama, muda mrefu, kuona kama chakula kitanidhuru. Kisha akasogeza sinia katikati yetu, akaanza kula.